Mwalimu Aliyetaka Swali Lisishtuke

Sijui alizaliwa lini wala ni wa ukoo gani, na sijauliza. Huku kwetu milimani ukiuliza mtu ni wa ukoo gani utajibiwa mpaka jua linazama na bado hamjafika kwa babu yake. Naanza na ninachokijua: masharubu. Upande wa kulia yalikuwa mafupi, upande wa kushoto yalikuwa marefu, na mwenye masharubu hayo ndiye aliyetufundisha kwamba kitu kizuri kuliko vyote hapa duniani ni ulinganifu.

Kwangu mimi alikuwa watu wawili. Alikuwa mwalimu wangu wa hesabu, kidato cha tano na cha sita, mpaka alipostaafu juzijuzi na kuniacha na mtihani wa mwisho mbele yangu kama jiwe. Na alikuwa jirani yetu wa juu. Juu kwa maana ya mlima: shamba lake liko juu, la Bibi yangu ninayeishi naye liko chini, katikati pana mstari wa masale, ile mimea ya mpaka. Akipiga chafya kwake, Bibi anasema "afya" kwetu. Kwa hiyo siyo mtu niliyesimuliwa. Nimemwona akiwa amevaa tai, na nimemwona akimfukuza kuku akiwa na ndala moja.

Somo lenyewe hufundishwa kwa Kiingereza. Ila mwalimu akichangamka alihamia Kiswahili, na akikasirika alihamia Kipare, kwa hiyo tulijua hali ya hewa kwa kusikiliza lugha.

Siku ya kwanza aliingia darasani, hakusalimu. Akashika meza ya mwalimu, ile ya mraba, akaizungusha robo mzunguko. Ikapiga kelele sakafuni mpaka darasa la jirani wakachungulia.

"Nimefanya nini?"

"Umezungusha meza, mwalimu."

"Mngekuwa mmefumba macho na kuziba masikio, mngejua?"

Tukatazamana. Tukasema tusingejua.

"Basi meza haikushtuka."

Akaandika ubaoni kwa herufi kubwa: NIFANYE NINI LISISHTUKE? Akaweka chaki, akatoka. Kipindi chetu cha kwanza cha hesabu za juu kilichukua dakika nne. Monita wetu alinakili sentensi ile kwenye daftari jipya, akaipigia mstari kwa rula, kisha akaanza kulia kidogokidogo, maana alikuwa amewaambia kwao kwamba atakuwa rubani.

Baadaye tulielewa, angalau tuliojaliwa. Ile milinganyo ya mabadiliko, ambayo sisi tunaiita difrensho kwa kuihurumia midomo yetu, ni hesabu za vitu visivyotulia: chai inayopoa, panya wanaozaana, maji yanayopungua. Haikupi kitu chenyewe. Inakupa kasi yake ya kubadilika tu, halafu inakuambia, haya, katafute mwenyewe. Walimu wengine hukukaririsha njia kumi na mbili za kutafuta. Yeye alikataa. Alisema usikimbilie kukokotoa kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Kwanza litazame swali, jiulize unaweza kulitenda nini na lenyewe likabaki vilevile. Ukikuza hiki mara nne na kile mara mbili, je, limebadilika? Ukilisukuma mbele kwa saa moja, limebadilika? Ukipata kitu ambacho swali halikishtukii, umelishika mkia, na jibu litatoka lenyewe likiwa limeinua mikono.

Shida ni kwamba hakuishia ubaoni.

Alikuwa na mbuzi. Alitaka kutuonyesha kwamba kuna maswali yanayosogezwa yote kwa pamoja bila kujijua. Akamfunga mbuzi kwenye kigingi cha mti, na kila asubuhi akahamisha ule mti hatua moja kuelekea mashariki. Hatua moja tu. Mbuzi hakulalamika. Muhula ulipofika katikati, mbuzi alikuwa ndani ya bustani ya maua ya mkuu wa shule, anatafuna waridi lililoletwa kwa ajili ya mgeni rasmi.

Mkuu alikuja mbio. "Mwalimu! Mbuzi wako amehama!"

"Hajahama, mkuu. Muulize. Yeye kila siku yuko palepale, kamba urefu uleule, mti uko katikati. Kilichohama ni bustani yako."

Mkuu alitazama kamba, akatazama mti, akitafuta kosa. Sisi tulikuwa dirishani na tulimwona kabisa asivyolipata.

Kuna siku alitupa jaribio lililoandikwa kwa herufi ndogo kama sisimizi. Akasema swali amelipunguza mara tatu, kwa hiyo na muda ameupunguza mara tatu, na alama pia, kwa hiyo hakuna aliyedhulumiwa. Nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, na kiboko?"

"Kiboko nini?"

"Atakayefeli. Kiboko kimepunguzwa mara tatu?"

Alifikiri kweli. Huyo ndiye mtu ninayewaambia habari zake: swali la utani alilipokea kama mgeni, akalivutia kiti. Akasema kiboko chenyewe lazima kipungue urefu, lakini idadi haina kipimo, idadi ni idadi. Nikapata vitatu vya fimbo fupi. Fimbo fupi inauma zaidi, na huo ni utafiti wangu binafsi.

Makande aliyala kwa utaratibu. Alizungusha sahani kwanza. Akiona maharage yamejazana upande mmoja, alikoroga mpaka, kwa maneno yake, makande yasahau upande. Ndipo alipoomba. Chaki aliivunja katikati, akalinganisha vipande, na kile kilichozidi alikitupa dirishani akikiita mnafiki. Chini ya dirisha lile palikuwa na lundo la wanafiki, na watoto wa shule ya msingi walikuja kuwaokota wakachoree mchezo wa rede.

Mazishini alipewa nafasi ya kumsema fundi seremala mmoja aliyefariki. Alisimama mbele ya jeneza, akaliangalia kwa muda mrefu, akasema, "Marehemu alikuwa mtu wa pande zote sawa." Watu wakaitikia amina, akina mama wakalia upya. Mimi nilijua anazungumzia jeneza.

Lakini ukimgeuza yeye mwenyewe robo mzunguko, kila mtu angejua. Masharubu nimeshasema. Nyumba yake ina dirisha moja, nalo liko pembeni kabisa kana kwamba linataka kutoka. Kwenye kwaya ya kanisani aliimba besi, na aliingia nusu mstari nyuma ya wenzake kila Jumapili. Akiambiwa, alisema wimbo uleule ukisogezwa kidogo bado ni wimbo uleule. Mwalimu wa kwaya alikuwa akifumba macho, na si kwa sababu ya Roho.

Haya yote nilikuwa nayasimulia tu kuchekesha watu wakati wa mapumziko. Kisha likaja suala la maharage ya Bibi.

Huku juu tunamwagilia kwa ndiva, yaani bwawa la kijiji. Maji ya mlimani yanaingia usiku kucha, asubuhi mfereji wa juu unafungwa, kizibo cha chini kinatolewa, maji yanashuka mashambani. Kila siku ya wiki ina wenyewe. Jumamosi ni ya mwalimu na Bibi. Wazee waligawa zamani: bwawa linamalizika kwa saa nne, basi kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa mbili ni zamu ya mwalimu, saa mbili mpaka saa nne ni zamu ya Bibi. Saa mbili kwa saa mbili. Hata mtoto wa chekechea angesema ni sawa.

Ila kabichi za mwalimu zilikuwa kubwa kama vichwa vya madiwani, na maharage ya Bibi yalikuwa yanageuka njano, msimu wa pili mfululizo. Watu wakasema Bibi amechoka, jembe limemshinda. Baba mdogo, anayefanya kazi kwenye machimbo ya jasi kule Makanya, alipanda kuja kutuona, nyusi nyeupe kama za mzee wa miaka mia kwa vumbi.

"Mama, tukubaliane. Msimu huu yakikauka tena, unashuka tukakae wote. Nimeshapata chumba."

"Makanya nikafanye nini?"

"Upumzike."

"Nimesema nimechoka?"

"Watu wote wanasema."

Bibi akaangalia shamba. Mwisho akasema, "Haya. Yakikauka." Bibi akisema haya, imekwisha. Na mwalimu, jirani mwema, alipopita jioni aliongezea lake. "Shikamoo mama. Nimesikia. Kiukweli umri nao unataka mahali tambarare."

"Marahaba, baba," Bibi akamjibu, na usiku huo hakula.

Kwa hiyo nilikuwa na hasira nilipokwenda darasani wiki ile, na mimi nikiwa na hasira huwa nachora. Mwalimu alikuwa anafundisha swali la pipa lenye tundu chini. Maji hayatoki kwa kasi moja, alisema. Yakiwa marefu yanasukumana, yanatoka mbio. Yakibaki kidogo yanatoka kwa uvivu. Kina kikiwa mara nne, kasi ni mara mbili tu.

"Sasa msikokotoe! Wekeni kalamu! Kuzeni kina mara nne na muda mara mbili. Swali limeshtuka?"

"Halijashtuka!" darasa likaitika. Tulikuwa tunaitika tu, kama kanisani.

"Basi pipa lenye robo ya kina linaisha kwa nusu ya muda wa pipa lililojaa. Nimekokotoa?"

"Hujakokotoa!"

Mimi sikuchora pipa. Nilichora ndiva yetu, ile iliyosakafiwa saruji, kuta zimesimama wima. Juu nikamchora mwalimu akiwa na tumbo la kabichi, masharubu yote mawili. Chini nikamchora Bibi mwembamba kama kibiriti, ameshika kikombe. Pembeni nikaandika saa: kumi na mbili, mbili, nne. Nikataka kuchora mstari wa maji ya saa mbili, pale zamu zinapobadilishana. Mkono ukaenda katikati ya bwawa. Ukasimama.

Saa mbili imebaki nusu ya muda. Na nusu ya muda ni ya robo ya kina.

Nikachora mstari kwenye robo. Juu ya mstari, robo tatu za maji, kwa mwenye tumbo. Chini, robo moja, kwa mwenye kikombe. Nilikuwa sijawahi kuchora katuni ikanitisha.

"Lete hiyo karatasi."

Alikuwa amesimama nyuma yangu. Darasa zima likageuka kwa furaha, maana walijua sinema imeanza.

"Huyu mnene ni nani?"

"Ni eksi, mwalimu."

"Eksi ana masharubu?"

"Ya upande mmoja marefu kidogo, mwalimu."

Hakucheka, hakukasirika. "Na mstari huu kwa nini umeuweka huku chini?"

"Wewe ndiye umeuweka. Mimi nimechora tu."

Aliishika karatasi ile kwa muda ambao mtu angeweza kula ndizi tatu. Kisha akaikunja, akaitia mfukoni, akaenda dirishani akatugeuzia mgongo mpaka kengele ikalia. Monita alininong'oneza, "Umemuua."

Jumamosi iliyofuata nilijificha kwenye masale nione atafanya nini. Alifungua maji saa kumi na mbili, akayafunga saa mbili juu ya alama. Kama kawaida. Jumamosi ya pili, vilevile. Maharage yalikuwa yameshaanza kutoa maua, yakikosa maji hapo basi. Nilimtazama mtu anayetupa kipande cha chaki kwa kukizidi kingine upana wa kucha, akiwa anakunywa robo tatu za bwawa mbele ya macho yangu, na nikasema moyoni kwamba nitamchora ukutani mwa kanisa, na safari hii kwa rangi.

Jumamosi ya tatu, kabla ya saa kumi na mbili, nikamkuta ndani ya ndiva, suruali imekunjwa mpaka magotini, ameshika mwanzi wenye alama. Zile Jumamosi mbili alikuwa anapima. Alitaka kuona bwawa lenyewe linakubaliana na ubao. Kumbe hajiamini hata yeye mwenyewe mpaka apime.

Mwenyekiti wa maji alikuwapo, mzee mwenye funguo nyingi na milango michache, pamoja na wanakijiji kama kumi waliokuja na majembe kuzibua tope. Bibi alikuwa ameketi ukingoni akingoja zamu yake. Mwalimu akatoka majini, akasimama mbele yake, tope linamchuruzika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Mama, maji yako nimekuwa nayachukua mimi."

Akaeleza. Akachukua mkaa, akaandika ukutani mwa ndiva mlinganyo mzima, na mzizi wake. Akasema haki ni yeye afunge saa moja na dakika kumi, Bibi achukue zilizobaki zote. Watu wakaguna.

"Dakika sabini kwako, karibu saa tatu kwake," mwenyekiti akasema. "Hiyo ndiyo sawa?"

"Ndiyo sawa."

"Mwalimu, wewe ni msomi, lakini saa mbili na saa mbili wazee walizihesabu kwa akili zao. Sasa unataka kujidhulumu na sisi tuandike?"

Mwingine, mwenye zamu ya kwanza ya Jumatano, akadakia, "Ukikubali wewe, Jumatano nitakatwa na mimi. Kaa na mkaa wako!"

Bibi alikuwa anamwangalia mwalimu tu.

"Kwa hiyo ulikuwa unajua?"

"Sikujua, mama."

"Ulikuwa hufundishi?"

"Nilikuwa nafundisha. Miaka yote."

"Basi ulikuwa hujui kwa sauti kubwa."

Watu walicheka mpaka mmoja akaangusha jembe ndivani. Mwalimu hakucheka. Niliona anatazama meza fulani isiyokuwepo pale, akiizungusha. Kisha akamgeukia mwenyekiti kwa upole mno, ule upole wake wa kabla ya fimbo.

"Mwenyekiti, unasema zamu hizi mbili ni sawa?"

"Sawasawa kabisa."

"Basi leo tubadilishane. Mama aanze, mimi nifuate. Kama ni sawa, hakuna shamba litakaloshtuka."

Mwenyekiti akatoa funguo zake mfukoni. Ungeona jinsi alivyotafuta kosa, alivyozungusha funguo zake zote. Kukataa ni kusema zamu hazilingani. Kukubali hakumpunguzii mtu hata dakika. "Badilishaneni," akasema, "mtajua wenyewe."

Tukatoa kizibo. Bibi alishuka na jembe kupokea maji aliyoyazoea, yale yanayokuja kama mgonjwa anatembezwa. Yalimpita. Yalijaza mfereji, yakaruka matuta, yakachukua ndala zake, yakaingia kwenye njia ya watu, na mama mmoja aliyekuwa anapita na kikapu akapanda juu ya jiwe akaanza kupiga yowe la msaada. Bibi alikuwa katikati, tope magotini, anapiga jembe huku na kule na kucheka kwa sauti ambayo sikuwa naijua. Na saa mbili, kwa kabichi za mwalimu, yakaja ya mgonjwa. Mwenyekiti alikwenda kuyaangalia. Akayagusa kwa kidole. Nyuma yake wote wenye zamu za pili walikuwa wameanza kuhesabu siku zao kwa vidole, na wale wa zamu za kwanza walikuwa wamekumbuka kazi nyumbani.

Mpaka leo kijiji kinagombana. Kwa wale wawili kuliamuliwa wapokezane, Jumamosi moja huyu aanze, nyingine yule. Mwalimu alistaafu muhula ulipokwisha. Hotuba yake ya kuaga aliisoma kuanzia mwisho kuja mwanzo, na kiukweli haikupoteza kitu.

Nilimwona Jumamosi iliyopita. Ilikuwa zamu ya Bibi kuanza, na Baba mdogo alikuwa amepanda na pikapu ya kuazima kuja kuchukua godoro la mama yake. Alikuta mfereji umejaa, maharage yamemfika Bibi kiunoni, yamening'inia maganda.

"Mama, vipi tena?"

"Vua viatu," Bibi akamwambia. "Tuta la kule limepasuka."

Akavua. Pikapu ikabaki njiani na mlango wazi. Mwalimu alikuwa kwenye masale, saa mkononi, anangoja saa mbili kwa adabu, kabichi zake zimelegea masikio. Ghafla Bibi akainua jembe, akapanda mpaka kwenye masale, akaziba mfereji unaoshuka kwake, akaelekeza maji yote shambani kwa jirani.

"Mama!" mwalimu akashtuka. "Bado hujamaliza! Ni saa moja na robo, una dakika arobaini na tano zako!"

"Maharage yameshiba."

Mwalimu akatazama saa. Akatazama maji yanavyomjia kwa kasi, kandambili zake zikaanza kuelea. Nikamwona anapiga hesabu kimoyomoyo, na masharubu, mafupi kwa marefu, yanacheza.

"Lakini nusu kamili ni saa moja na dakika kumi," akasema. "Umepita dakika tano, mama."

Bibi akafuta tope usoni kwa nyuma ya mkono.

"Nishtaki," akasema.